Kigoda cha Maswali pale Kanja

Nyinyi vijana mnaotoka chuoni na vyeti ambavyo havijapata hata alama ya kukunjwa, najua hamjaniomba ushauri. Mwalimu mstaafu hangoji kuombwa. Nilishika chaki miaka thelathini na minane. Thelathini na miwili niliimaliza katika shule za serikali, huku juu kwenye kahawa na kule chini Mbeere kwenye jua, na sita ya mwisho nikaimaliza katika shule ndogo ya Kikristo hapa Kanja, Embu. Ile thelathini na miwili nalala nayo vizuri. Ni ile sita inayoninyima amani, na ndiyo nitakayowasimulia.

Shule yenyewe haipo tena. Jengo lipo, ila siku hizi wanaweka mahindi na magunia ya mbolea. Asubuhi nikienda kuchukua maziwa napita karibu na dirisha la darasa langu, na ubao bado unaonekana, una mistari ile niliyoichora kwa rangi nyeupe ili watoto wasipandishe mwandiko mlimani. Huwa natazama upande mwingine.

Mtauliza ilikuwa shule ya namna gani. Wazazi waliiita shule ya zamani, wengine kwa mapenzi, wengine kwa dharau. Mtoto mdogo alikariri. Akifika miaka saba alifundishwa kuhoji. Akikua alisimama mbele ya watu akasema jambo lake likaeleweka. Alisoma hadithi za watu wa kale, alisoma Kilatini kidogo, na Maandiko yalisomwa kwa sauti kila asubuhi. Hatukuwa tunatafuta gredi. Tulitaka mtu akitoka pale awe anajua lililo kweli, analipenda, na anaweza kulisema bila kutetemeka.

Na wazazi waliitaka, msidhani tuliwafunga kamba. Walikuwa wamechoka. Mtaala ulikuwa umebadilika, wakawa wanatumwa kutafuta karatasi za manila na maganda ya mayai saa mbili za usiku. Watoto walikuwa wanajua simu kuliko walivyojua jina la mjomba wao. Mama Wawira alipomleta binti yake, aliketi kwenye benchi la ofisi na gumboti za shambani, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mwalimu, kijana wangu wa kwanza alipasi kila kitu," alisema. "Sasa anakaa mtaa wa Dallas huko Embu taun. Akinipigia simu, najua ananidanganya kabla hajamaliza kusema haloo. Huyu msichana hata asipopasi sana, mimi nataka tu awe mtu wa ukweli."

Nikamwahidi. Hilo ndilo kosa ambalo mwalimu kijana hulifanya kwa kukosa uzoefu, nami nililifanya nikiwa na mvi kichwa kizima.

Kabla sijafika kwa Wawira, niwaambie kuhusu Kinoti, maana kila nilichojua pale alinifundisha yeye. Kinoti ni Mmeru wa Nkubu. Aliwahi kusomea upadri, akatoka kabla ya kuwekewa mikono, na waliobaki na faida ya Kilatini chake chote ni watoto wetu wa Kanja. Alikuwa mwembamba, mkali, anavaa koti moja la kahawia hata jua likiwaka, na alikuwa na tabia ya kunyamaza unapomwambia upuuzi mpaka wewe mwenyewe uone haya.

Siku ya kwanza nilimwonyesha darasa langu nikiwa nimevimba kichwa. Watoto walisimama wakakariri sehemu ya Maandiko inayosema juu ya mchungaji, bila kukosa neno, sauti moja. Nikamtazama nikingoja sifa. Kinoti akamwuliza mtoto wa mbele, "Wewe nyumbani mna mbuzi?" Mtoto akasema wapo watatu. "Mmoja akipotea unafanyaje?" Mtoto akanitazama mimi, aone kama jibu liko usoni mwangu. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kitu anachokijua. Kinoti akaniambia baadaye tukinywa chai kwamba nilikuwa nimefuga kasuku arobaini. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikamfuata anifundishe.

Basi shikeni haya, maana hamtayapata chuoni. Mtoto anayekariri mwache atembee. Akisimama kama mlingoti, maneno hukwama kooni. Mfundishe kuvuta pumzi pale sentensi inapopumzika, na mwisho wa sentensi asiumeze, aupeleke mpaka ukuta wa nyuma. Usimkatize akikosea, ngoja amalize, kisha mwulize amesikia wapi pameteleza. Na usimpe kalamu kabla hajakusimulia alichosoma kwa maneno yake. Asiyeweza kusimulia hajasoma, hata akikuandikia kurasa kumi.

Kuhusu kuhoji, Kinoti alikuwa na maswali matatu tu, aliyaandika juu ya ubao na hayakufutwa miaka yote sita. Ni nini? Umejuaje? Kisha nini? Nilipojaribu kufundisha somo hilo mwenyewe mara ya kwanza, niliaibika. Niliandika kwamba kila ndege ana mabawa, kuku ana mabawa, kwa hiyo kuku ni ndege. Nikageuka nikitabasamu. Wawira, wakati huo ana miaka saba na meno mawili ya mbele hayapo, akainua mkono akasema, "Mwalimu, hata popo ako na mabawa." Darasa likacheka, nami nikacheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kinoti alikuwa mlangoni. Nilimwona ameuma mdomo asicheke.

Watoto walitumia Kilatini kutukanana uwanjani, maana waliona hakuna wa kuwaelewa zaidi ya Kinoti. Bibi mmoja wa Karurumo alileta mjukuu akiamini lugha ile humfikisha mtu mbinguni haraka. Tulikuwa na furaha, na nasema hivyo ili mjue tulipoangukia.

Kigoda kilikuwa wazo la Kinoti. Nilikuwa na kigoda cha marehemu baba yangu, cha miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, kimeng'aa kwa kukaliwa. Nyinyi wa kwetu mnajua, kigoda cha mzee hakikaliwi na mtoto. Nikiwa mdogo nilikikalia mara moja tu na sikurudia. Kinoti akasema nikilete, kiwekwe katikati ya darasa kila Ijumaa, na mtoto mmoja aketi ahojiwe na wenzake juu ya jambo alilosema wiki hiyo. Sheria zilikuwa chache. Jibu unachojua na useme umejuaje. Usichojua, sema sijui, na darasa lote litakupigia makofi. Ukishikwa umedanganya, sema nimedanganya, na hapo makofi yatakuwa makubwa zaidi. Hakuna anayeinuka kwenye kigoda akiwa na uongo mdomoni.

Wazazi walinung'unika mwanzoni. Bibi yule wa Karurumo alikuja akamwinua mjukuu wake kwa mkono, akakifuta kigoda kwa leso yake. Tukaketi naye tukamweleza. Tukamwambia kwamba hapa anayeketi ndiye mwenye deni la majibu, na kwamba mtoto akizoea kuhojiwa angali mdogo, hatakuwa mzee wa kufoka akiulizwa. Alitikisa kichwa, akaenda. Ijumaa iliyofuata alirudi, akaketi nyuma, akapiga makofi pamoja na watoto.

Niliona mambo pale kwenye kigoda ambayo sikuyaona katika miaka thelathini na miwili ya serikali. Niliona watoto wakikiri wameiba penseli, kwa hiari yao, wakainuka wepesi. Niliona darasa likimtetea mnyonge kwa hoja. Nilianza kuamini kwamba nimepata kile ambacho walimu hukitafuta maisha yote, na hapo ndipo nilipopotea.

Baba yake Wawira alikuwa Mzee Ireri, mwenyekiti wa shule yetu na mzee wa kanisa. Mtu wa watu, mcheshi, na bila yeye shule isingepata hata msumari. Wawira alikuwa binti yake wa kwanza, kwa hiyo amepewa jina la mama mzazi wa Ireri, na kama ilivyo desturi, baba alimwita "mama". Alipokuja shuleni aliinama kidogo mbele ya huyo mtoto, akamwuliza, "Mama, leo umeniletea habari gani?" Tulipenda kuwaona.

Nyuma ya shule kulikuwa na chemchemi, na juu yake miringa miwili, miti mikubwa ya mbao ambayo hata babu zetu waliikuta. Ilikuwa ya shule. Watoto walichota maji pale na kusomea kivulini. Likizo moja ya Agosti, wakati sisi walimu tumeenda kwetu, miti ikatoweka. Mwenyekiti alitueleza kwamba kulipiga upepo mkali ukaiangusha, ikabidi iondolewe. Mimi niliviona visiki. Naomba mlisikie hilo kabla ya mengine yote. Niliviona, na sikuuliza.

Siku ya wazazi mwaka ule tuliweka viti uwanjani, tukapika pilau, na watoto wakakariri vizuri mpaka akina mama wakafuta machozi. Kisha nikaleta kigoda kuwaonyesha wageni tunavyofanya Ijumaa. Kinoti aliniambia asubuhi nimweke mtoto tu. Mimi, kwa kutaka sifa, nikasimama nikasema kwamba leo atahojiwa mwenyekiti wetu. Watu wakacheka na kushangilia. Mzee Ireri akaja, akatandaza koti, akaketi.

Kosa langu lilikuwa hapo, na nadhani ni watu wa kwetu tu wangeweza kulifanya. Miaka mitano tulikuwa tumekigeuza kigoda kile kiwe cha mwenye deni la majibu. Alipokikalia mzee, kikarudi kuwa cha mzee papo hapo. Nililiona jambo hilo kwenye mabega ya wazazi waliokuwa viti vya mbele. Walijiweka sawa, wakafunga midomo, wanaume wakavua kofia. Watoto peke yao hawakujua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Zamani mlikuja shuleni na viatu? Mlichapwa? Alijibu kwa vichekesho. Kisha Wawira akainua mkono. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alisimama kama tulivyomfundisha, miguu sawa, macho kwenye uso wa anayemwambia.

"Baba, nina swali."

"Uliza, mama."

"Ile miringa ya chemchemi, nini iliiangusha?"

"Upepo, mama. Upepo ule wa Agosti."

"Upepo ukiangusha mti, mizizi inatoka nje?"

"Inatoka, eeh."

"Sasa mbona visiki viko hapo, viko sawa juu kama meza? Na mbona mbao ziko kwetu nyuma ya jikoni?"

Hakusema kwa ukali. Wala hakuwa anamshtaki. Nilimjua mtoto yule, na nawaambia alikuwa anangoja baba yake aseme neno moja ili ampigie makofi. Mikono yake alikuwa ameshaitenga mbele ya kifua, tayari. Neno moja tu, na uwanja mzima ungeshangilia, na Ireri angeinuka mtu mkubwa kuliko alivyoketi.

Ireri alinitazama mimi. Mama Wawira naye alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi wa kigoda. Sheria ilinitaka niseme, kama nilivyowaambia watoto mara mia, kwamba kigoda kinangoja. Nilifikiria paa lililokuwa linavuja na barua ya usajili iliyokuwa mikononi mwa mwenyekiti. Nilifikiria pia kwamba huyu ni mzee mbele ya watu, na mimi nimelelewa. Nikasema kwa sauti nzuri ya ualimu, ikafika mpaka ukuta wa nyuma:

"Wawira, keti. Hayo si maswali ya mtoto kumwuliza mzee."

Akaketi. Alibaki ametenga mikono vile vile kwa muda, halafu akaiweka mapajani. Wazazi wakashusha pumzi, mtu mmoja akaanzisha wimbo, pilau ikapakuliwa. Mzee Ireri alinishika mkono wakati wa kuondoka, akanishukuru kwa kuwafundisha watoto adabu.

Kinoti alinikuta ofisini nikipanga daftari zilizokuwa zimepangwa tayari. Alisimama na koti lake.

"Miaka mitano nilidhani ni mimi ninafundisha hapa," akasema. "Kumbe somo lenyewe limefundishwa leo, na wewe, na kwa sentensi mbili."

Nikamwambia nilifanya vile kuiokoa shule. Akaniuliza swali la kwanza la ubaoni: ni nini hiyo uliyoiokoa? Sikuwa hata na ujasiri wa kusema sijui. Muhula ulipoisha alirudi Nkubu. Simu zangu alipokea, tukaongea habari za mvua.

Ijumaa iliyofuata siku ile nilikiweka kigoda kama kawaida. Mtoto akaketi. Wenzake wakamwuliza amekula nini asubuhi. Akasema chai na mkate. Wakampigia makofi. Ijumaa ya pili wakamwuliza mwingine vivyo hivyo. Hawakuwa wananikomoa, msidhani. Walikuwa wamenielewa tu, maana tulikuwa tumewafundisha kuelewa haraka. Mwezi haukuisha, nikakirudisha kigoda nyumbani.

Shule ilikufa polepole baada ya hapo. Wazazi walitoa sababu nyingi, wengine Kilatini, wengine umbali, wengine mtaala. Ireri mwenyewe alimhamisha Wawira mwaka uliofuata, kwa heshima zote, akatuletea na ndizi za kuaga. Niliwasikia wakisema bado wanaipenda elimu ile, kwamba watoto walikuwa wanasema vizuri. Hilo ni kweli. Waliipenda mpaka ilipofika mlangoni kwao, na mimi niliipenda mpaka ilipofika mlangoni kwangu. Siku hizi kuna kikundi upande wa Meru kinataka kuanzisha shule ya namna ile ile, kimeniomba nikawahutubie. Nimekataa. Ningewaambia nini? Kwamba njia ile ni nzuri, na watu wa kuibeba hatupo? Nimetafuta tumaini katika jambo hili na sijaliona, na siwezi kuwauzia nyinyi vijana kitu ambacho sina.

Nimalizie na wiki iliyopita. Asubuhi nilipita kwa kina Wawira, nikamkuta mama yake shambani akichuma kahawa, kikapu kiunoni, tukasalimiana. Akaniambia binti yuko likizo, ametumwa Karurumo kununua unga. Mimi pia nilikuwa naelekea Karurumo kutengenezesha redio. Saa mbili baadaye nikakutana naye mbele ya duka la mbegu. Yuko kidato cha tatu, mrefu, gauni limepigwa pasi. Alinipokea mfuko wa redio kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Mtu yeyote angesema huyo amelelewa.

Tukaongea masomo. Anafanya vizuri, gredi zake ni A tupu. Kisha nikashindwa kujizuia.

"Wawira, ile siku ya kigoda," nikasema. "Mimi nilikosea?"

Kwa muda mfupi sana nilimwona yule wa miaka kumi na moja, miguu sawa, macho usoni mwangu. Halafu macho yakashuka kwenye mfuko.

"Hapana, mwalimu. Ulifanya vizuri. Mimi nilikuwa tu mtoto, sikuwa na adabu."

Alivuta pumzi pale pale nilipomfundisha, na mwisho wa sentensi hakuumeza. Nikamwuliza lile swali la pili la ubaoni. Umejuaje?

Akacheka, kicheko kizuri cha baba yake, akanirudishia mfuko wangu.

"Wacha nikimbie, mwalimu. Mama ananingoja hapo steji ya matatu."

Mama yake nilikuwa nimemwacha kwenye kahawa, kikapu kiunoni. Nami nikamwambia, haya, msalimie.